Tumechaguliwa wazee wapya kanisani Malindi. Masharti ya zamani yanalegezeka kweli?

Seremala wa Maweni (mleta uzi)

Wadau, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni seremala hapa Malindi. Kanisa letu sitalitaja. Ni la mabati, tukijaa tunafika watu mia moja na themanini hivi, na tangu nizaliwe tulikuwa na mchungaji mmoja tu, mwanzilishi, tuliyemwita Baba. Baba alifariki mwaka jana. Tukakaa miezi mitano bila mwenyewe, kisha washirika wakachagua wazee wanne kwa kuinua mikono. Mmoja ni mimi. Mkubwa wetu ana miaka 44.

Kwa wasiojua ya ndani: kwetu hakuna televisheni nyumbani. Msichana hasuki nywele. Harusi ya mtu wa nje huendi hata akiwa dada yako wa tumbo moja, unapeleka zawadi usiku na kurudi. Hospitali haikukatazwa kwa maneno (Baba alikuwa fundi wa maneno, Mungu amrehemu), ila mgonjwa aliyepelekwa kabla ya kuombewa siku tatu, watu wake waliwekwa benchi la nyuma, na aliye benchi la nyuma haonji meza ya Bwana. Halafu kuna kitabu.

Kitabu chenyewe ni leja nyeusi yenye mgongo mwekundu, zile za maduka ya jumla. Jumapili ya mwisho wa mwezi shemasi anakifungua na kusoma fungu la kumi. Jina, kiasi. Jina, kiasi. Asiyetoa kitu, jina lake linasomwa, halafu shemasi ananyamaza kidogo kama mtu aliyepotewa na mstari, ndipo anaendelea. Nilipokuwa darasa la sita baba yangu mzazi aliumia mguu, hakufanya kazi miezi miwili, na mara mbili ukimya ule ulipita juu ya jina letu. Mama alikuwa akitazama mabati.

Kwa hiyo kikao chetu cha kwanza tulikubaliana ndani ya dakika kumi: kitabu kisisomwe. Mtu atoe, kiandikwe, yaishe. Tuliona ndilo jambo jepesi la kuanzia, mazito ya hospitali tutayafikia taratibu.

Jumapili ya mwisho nikasimama, nikatangaza. Sitawaficha, nilikuwa nasubiri vigelegele. Kanisa kimya. Kisha akainuka mama mmoja, mjane, anashona makuti ya kuezekea, anatembea kwa miguu kutoka upande wa Barani. Akafungua pindo la leso, akatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo na sarafu, akazishika kiganjani watu wazione. Akasema: "Mwanangu, nimeshona makuti wiki nne ili jina langu lisomwe. Wewe unanifuta kwa amri ya nani?"

Shemasi akanitazama. Nikamtazama. Akafungua kitabu, akasoma.

Swali langu basi. Kuna mahali mmewahi kuona viongozi wapya, wa hapohapo, wakalegeza kusanyiko la masharti bila kulivunja? Tafadhali asiniambie mtu "toka". Nimezaliwa humo, mke nimempata humo, wateja wangu nusu ni wa humo.

Tuktuk Saba

Toka.

Najua umesema tusiseme. Lakini hata kule Furunzi watu walisema ni kanisa tu lenye masharti. Mackenzie alikuwa mwenzetu wa barabarani, aliendesha teksi mjini humu kabla ya kuanzisha kanisa mwaka 2003. Ikaja shule ni dhambi, ikaja hospitali ni dhambi, 2019 akafunga kanisa akahamia msitu wa Shakahola. Aprili 2023 makaburi ya wafuasi wake, wengi waliofunga kula mpaka wakafa, yakaanza kufukuliwa, na miili ikapita 400. Mimi nikisoma "haikukatazwa kwa maneno" nywele zinanisimama.

Seremala wa Maweni

Sikulaumu ndugu yangu. Tangu mwezi ule majirani wanatuita "Shakahola ndogo", watoto wetu wametaniwa shuleni mpaka wakalia. Ila tofauti ipo. Kwetu watoto wanasoma. Jumapili saa nane kila mtu yuko kwake anakula wali. Na yule msituni hakuna aliyemchagua wala aliyeweza kumwondoa. Hata hivyo, hilo la siku tatu ndilo linalonikosesha usingizi, na ndiyo sababu nimekubali uzee huu.

Mjukuu wa Langoni

Asalaam aleikum watu wa Malindi. Mimi ni Muislamu wa Lamu, mniwie radhi kuingia kanisani bila kubisha hodi. Nimeingia kwa sababu swali hili mui wetu ulishalijibu zamani.

Habib Swaleh alikuja Lamu kutoka Ngazija akiwa kijana. Mji alioukuta ulikuwa na wenyewe. Mkomani majumba ya mawe, waungwana, misikiti yenye majina. Langoni vibanda vya makuti, wageni, wagema, watumwa na waliotoka utumwani. Elimu ya dini ilikuwa na mlango na mlango una bawabu. Yeye akaenda kuwasomesha wale ambao bawabu hakuwafungulia. Halafu akaleta Maulidi ya Habshi, ya kusomwa kwa matwari, na matwari yakaingia msikitini. Zilipigwa kelele! Wengine wakasema bidaa. Wengine, nadhani ndio waliokuwa wengi, kilichowauma si matwari, ni mtoto wa mgema kukaa mbele na kitabu.

Sasa tazama ndia aliyopita. Hakugombea mihrabu ya Mkomani. Hakumwambia mtu msikiti wako una makosa. Alisomesha Langoni miaka na miaka, na karibu na mwaka 1900 ukasimama msikiti wa Riyadha palepale. Alifariki 1935, na hadi leo Maulidi yakifika, wageni wanajaza mji kutoka pwani yote, na ndani ya umati ule wamo wajukuu wa waliokasirika, kanzu zimepigwa pasi, wanaitikia kuliko sisi.

Kwa hiyo mimi sikuona mabadiliko yakitoka ndani. Yalitoka ubavuni, na wa ndani wakayafuata wakati wao.

Seremala wa Maweni

Ahsante sana sharifu. Kwa hiyo nijenge banda lingine?

Mjukuu wa Langoni

Usharifu umenipa wewe, mimi ni muuza samaki. Nimekueleza yaliyotokea kwetu, mambo ya kujenga banda seremala ni wewe.

Mwalimu Mstaafu, Mambrui

Vijana, niongezeni chai nieleze ya mbali kidogo, maana yanahusu.

Miaka ya themanini nilikuwa nikipokea kwa posta gazeti la bure kutoka Marekani, la kanisa lililoitwa Worldwide Church of God. Mwanzilishi Herbert Armstrong. Masharti yao mngeyatambua: Sabato, hakuna Krismasi, hakuna nguruwe, zaka si moja bali tatu, na kwa miaka mingi kwenda kwa daktari kulitazamwa kama imani pungufu. Armstrong akafa Januari 1986. Kiti akakiacha kwa Joseph Tkach, mtu wa ndani kabisa. Huyu akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja, na Desemba 1994 akahubiri kwamba Sabato na zaka si lazima tena.

Kwa theolojia ya Wakristo wengine, alinyoosha. Lakini hesabuni mabenchi. Ndani ya miaka michache zaidi ya nusu ya watu walikuwa wametoka. 1995 wachungaji wengi wakaunda United Church of God ili washike yaleyale ya Armstrong. Fedha zikakauka, makao yao makuu Pasadena yakauzwa. Mwaka 2009 waliobaki wakabadili hata jina, sasa ni Grace Communion International.

Hiyo ilitoka juu kushuka. Iko nyingine iliyotoka chini, ndiyo inayofanana zaidi na yako. International Churches of Christ, ilianzia karibu na Boston 1979 chini ya Kip McKean. Kila mshirika alikuwa na mtu juu yake wa kumwongoza na kumwungamia, ngazi juu ya ngazi mpaka kwa mwenyewe. McKean akajiuzulu 2002. Mapema 2003 kiongozi mmoja wa London, Henry Kriete, akaandika barua ndefu ya kuulaumu mfumo wote, ikasambaa kwa baruapepe, na viongozi wa mji huu na mji ule wakasimama mbele ya watu wao kuomba radhi. Ngazi ikavunjika, kila mji ukajiendea. Penginepo watu walikimbia, penginepo kanisa lilipoa likawa mahali pa kukaa. Lakini mwanzilishi hakustaafu. Alianzisha kundi jipya kwa mtindo wa zamani, na walioona wenzao wamelegea wakamfuata.

Sikutishi, Seremala. Jua tu kwamba siku utakayolegeza, kuna mtu atafungua duka la masharti barabara ya pili, na wateja atapata.

Karani wa Zamani

Mnazungumza Boston, hakuna aliyeuliza kiwanja ni cha nani.

Kanisa la Kenya likiwa limesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, lina katiba, lina maafisa waliosajiliwa na lapeleka ripoti kila mwaka kwa Msajili. Ardhi inatakiwa kushikwa na wadhamini. Haya ya kuinua mikono kanisani ni mazuri, lakini je, Msajili anawajua nyinyi wanne au bado anamjua marehemu? Sahihi benki ni za nani? Na hati, mzee wangu, hati ya kiwanja imeandikwa jina gani? Nimeona makanisa matatu pwani hii yakigawanyika na mara zote hotuba ilikuwa juu ya Roho Mtakatifu, kesi ilikuwa juu ya kiwanja.

Na baada ya Shakahola wasitegemee kufumbiwa macho. Rais aliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, ripoti ikakabidhiwa Julai 2024. Makaratasi yataulizwa.

Seremala wa Maweni

Hati iko jina la Baba. Mwanawe mkubwa yuko Mombasa na hasali kwetu tangu kidato cha nne.

Karani wa Zamani

Basi mzee wa tano wa kanisa lenu ni yeye, na hamjamchagua.

Mke wa Aliyepona

Nimesoma mpaka hapa nimechoka na nyinyi wanaume.

Mume wangu alikuwa anakunywa mnazi kuanzia saa nne asubuhi. Pesa ya unga ilikuwa inaishia kwa mgema. Kanisa la upole tulilokuwa tukisali lilimwombea kila wiki na kumpa mkono. Tukaingia kanisa la masharti, si la Seremala, jingine. Wakamwambia wazi: ukinywa tutajua, na jina lako litatajwa. Alipoanguka, wazee wawili walilala kwetu usiku mbili, mmoja mlangoni mmoja dirishani, kama walinzi wa benki. Ni mwaka wa tisa sasa hajagusa. Leo mje na viongozi wapya wa kulegeza, mimi na mabinti zangu tutashika nini? Kuna watu masharti ni gereza lao, na kuna watu masharti ni ukuta wa nyumba yao. Kabla hujabomoa, seremala, angalia nani ameegemea.

Tuktuk Saba

Dada hapo umenifunga mdomo kidogo. Kidogo tu.

Sauti ya Pili (kwaya)

Na mimi niseme moja. Seremala, mlipokaa kikao cha dakika kumi, palikuwa na mwanamke hata mmoja? Kwetu (kanisa jingine pia, lakini mambo ni yaleyale) sharti la hospitali haliko madhabahuni, liko jikoni. Mtoto akipata homa usiku anayesema "ngoja" si mchungaji, ni mama mkwe. Wewe unamtangazia mama wa makuti kwa kipaza sauti, mbele ya watu mia na themanini, kwamba alichokuwa anafanya miaka thelathini hakina maana. Angeinama akakushukuru? Nenda kwake. Nenda na mkeo. Ukae chini kwenye jamvi, uache kuwa mzee wa kanisa uwe mtoto wa mtu. Usiende mikono mitupu.

Seremala wa Maweni

Nimerudi. Siku nne zimepita, nisameheni.

Tulikwenda Jumanne jioni, mimi na mke wangu, na kilo mbili za sukari. Tukamkuta uani anashona. Makuti makavu yameloweshwa kwenye beseni, fito iko magotini, anakunja jani, anashona, anakunja. Kidole gumba kimekomaa kama kwato. Hakunikaribisha kwa jina la uzee, aliniita "mwana wa fulani", akimtaja mama yangu. Tukaamkia, akaitikia marahaba, akaendelea na kazi. Mke wangu akasogea akaanza kumchambulia majani. Mimi nikaona mlango wake umetoka bawaba ya chini, nikawa nautazama kwa kukosa la kusema.

Baada ya muda mrefu akaanza mwenyewe. Akasema mtoto wake wa tatu alishikwa na homa wakati wa masika. Akafuata utaratibu, siku tatu. Haikufika ya tatu. Baba alikuja kwa baiskeli, kwenye mvua, akamshika mkono akamwambia: "Hujapoteza, umempa Mungu." Akasema, "Neno lile ndilo lililoniinua kitandani." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Sasa nyinyi mkisema hospitali ilikuwa ruhusa siku zote, mimi yule mtoto nilimpa nani?"

Mwalimu wa Mambrui, hili hukuniandikia. Wala Karani. Sisi wanne tulikuwa tumekaa tukihesabu masharti, lipi zito lipi jepesi, kama mtu anayehesabu mbao. Kumbe kila sharti lina mtu aliyekwisha kulilipia, na aliyelipa sana ndiye asiyeweza kusikia kwamba lilikuwa bure. Nilidhani watu wanashikilia ya zamani kwa kumwogopa Baba. Yule mama hamwogopi mtu.

Sikumjibu. Nilitoa bisibisi mfukoni, nikaurudisha mlango kwenye bawaba, kwa kuwa hilo ndilo nililojua. Tulipokuwa tunaaga akasema, na hapa nayaandika kama alivyoyasema: "Watoto wa wenzangu wapelekwe. Msiwazuie hata usiku mmoja. Lakini usisimame pale mbele ukasema tulikosea. Sema kuanzia leo." Akanyamaza. "Na jina langu nitalisikia."

Mke wa Aliyepona

Ee Mungu.

Mjukuu wa Langoni

Nimesoma nikamsomea mama. Amekaa kimya mpaka adhana.

Mwalimu Mstaafu, Mambrui

Kijana, mimi naondoa maneno yangu kuhusu mabenchi. Au siyaondoi, nayaweka kando. Wale wa Pasadena walisema "tulikosea", tena kwa ujasiri, na nilikuwa nikiwasifu kwa hilo. Sikuwahi kufikiria nani alikuwa amekaa safu ya tatu akisikiliza.

Tuktuk Saba

Na mimi nauliza swali baya. "Kuanzia leo" si ni kumficha Baba? Mtoto wa watu amekufa, na aliyesababisha anabaki mtakatifu kwenye picha ukutani.

Seremala wa Maweni

Umeuliza vizuri na mwenzetu mmoja kati ya wanne anasema hivyohivyo, tumegombana naye Alhamisi mpaka saa sita usiku. Anasema bila kutubu hadharani tutarudi tulikotoka. Huenda ana haki. Ila toba ya kanisa nani anailipia? Nilimwambia akamweleze yule mama yeye mwenyewe. Hajaenda.

Sauti ya Pili (kwaya)

Na Jumapili?

Seremala wa Maweni

Jumapili ni leo, ndiyo nimetoka.

Nilisema hivi: kuanzia leo mgonjwa apelekwe hospitali, nasi tutamwombea akiwa njiani. Benchi la nyuma tumeliondoa, nimelipeleka karakana, nitalipiga msumari liwe la watoto wa shule ya Jumapili. Mwenzetu yule alivuta pumzi ya kusema jingine, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Familia mbili zilitoka katikati ya ibada. Mmoja wao ni binamu yangu.

Kitabu kilikuwa mezani, kimefungwa. Tulikuwa tumekubaliana kila mtu aje mbele atoe kimyakimya, shemasi aandike. Wakaja. Alipofika mama wa makuti hakuweka pesa mara moja. Aligeuka akatutazama wote, akataja jina lake mwenyewe kwa sauti, na kiasi, shilingi mia mbili na arobaini. Akanyamaza kidogo, vilevile kama shemasi anavyonyamaza. Kisha akataja jina la mtoto.

Baada ya ibada nikaichungulia leja. Shemasi alikuwa ameandika majina yote mawili, moja chini ya jingine. Mbele ya la pili hakuandika kiasi.

Karani wa Zamani

Na hati?

Seremala wa Maweni

Mwana wa Baba amepokea simu. Anashuka kutoka Mombasa na basi la asubuhi, tutaonana Jumatano saa tatu. Ameuliza kama kiwanja kina maji.